Shemeji anataka fundi wangu afe ndipo kitabu kiitwe fasihi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili. Nilianza kusoma riwaya za mapenzi nikiwa na miaka 13 na sijaacha hadi leo. Nilizisoma shuleni, nilizisoma nikiwa mjamzito na usingizi umenikataa, na siku hizi nasoma usiku nyumba nzima ikishalala. Sina starehe nyingine. Hiyo ndiyo yangu.

Tatizo linaanzia kwa shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Anafundisha fasihi chuoni, anaheshimika, na kwa kweli ni mtu mwema. Ametusaidia mara nyingi. Lakini kila akija kwetu akaona kitabu changu mezani, hukinyanyua kwa vidole viwili, akasoma maneno ya nyuma ya jalada kwa sauti ya kuigiza, na watu wote wakacheka. Husema riwaya hizi zote ni moja, kinachobadilika ni majina. Husema zinawalisha wanawake ndoto, kisha wanawachoka waume zao kwa sababu hawafanani na wanaume wa vitabuni. Husema hiyo ni fasihi pendwa, ya kupitishia muda, na mtu wa umri wangu alipaswa awe ameshahamia kwenye fasihi dhati. Mume wangu naye hucheka. Hacheki kwa ubaya, lakini hucheka.

Basi nikaanza kuficha. Majalada nayafunika kwa karatasi za kalenda ya zamani. Mtu akiniuliza nasoma nini, nasema, "Ah, kitabu tu." Mwezi uliopita binti yangu wa miaka 15 alikuwa anatandika kitanda changu akakuta kimoja chini ya mto. Akaniuliza, "Mama, kama si kibaya, mbona unakificha?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia amalize kutandika.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika riwaya yangu mwenyewe. Ni habari ya mshonaji wa miaka 41, mjane, aliyeapa kwamba hataolewa tena. Hakuapa kwa sababu ya kumkumbuka marehemu peke yake. Anaogopa kuzika mara ya pili. Kuna fundi wa kutengeneza vyerehani anayekuja kuitazama mashine aliyoachiwa na mumewe. Wanapendana polepole, kwa sura kumi na nane, kila mmoja akijifanya kilichomleta ni cherehani. Mwishoni fundi anamweleza yaliyo moyoni, mjane anamfukuza. Katika sura ya mwisho fundi anarudi usiku, anabisha hodi, na mjane anafungua mlango. Naishia hapo.

Nilijikaza nikampa shemeji mswada. Aliusoma wote, namshukuru. Akasema lugha ni nzuri kuliko alivyotegemea, na kwamba mjane ni mtu kabisa, anamwona mbele yake. Kisha akasema: "Umeharibu mwishoni. Fundi afe. Apate ajali akiwa njiani kwenda kwa huyo mama. Hapo msomaji atafunga kitabu akiwa na la kufikiri. Ukiwaacha wakapatana, umeandika vile vile vitabu vyako."

Nikaandika mwisho wa pili kama alivyotaka. Niliumaliza usiku mmoja. Ule wa kwanza ulinichukua miezi mitano. Sasa nina miswada miwili kabatini na sijui upi ni wangu. Je, shemeji ana haki? Nikiacha mwisho mwema, ninawadanganya wasomaji? Na hii aibu niliyonayo, niitoe vipi?

Mwenye Kitabu Chini ya Mto

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama mahali pamoja: usiku mmoja, miezi mitano. Umeniuliza upi ni wako huku jibu umeshaliandika kwa mkono wako. Ila nisikujibu kwa mkato, maana shemeji yako ni msomi, na neno la msomi hujibiwa kwa hoja.

Tumwangalie huyo mjane. Swali lake ni moja tangu sura ya kwanza: nawezaje kumpenda mtu huku najua naweza kumzika? Swali hilo si la kitoto. Hakuna mwenye kupenda, awe mume, mke, mzazi au rafiki, asiyelibeba, ingawa wengi wetu hatulitamki. Sasa mlete dereva asiyejulikana, amgonge fundi barabarani usiku. Mjane amejibu nini? Hajajibu kitu. Ajali imemnyang'anya swali kabla hajafungua mdomo. Tena imemfanyia jambo baya zaidi: imemwambia kwamba hofu yake ilikuwa na haki, kwamba alifanya vizuri kufunga mlango, na kosa lake lilikuwa kuanza kuulegeza. Hicho ndicho ulichokesha miaka minne ili ukiseme? Sidhani. Ndiyo maana kalamu ilikimbia usiku ule. Kifo kilikuondolea kazi. Mwisho wa kwanza ulikulazimisha ukae na yule mama nyuma ya mlango, ujue anawaza nini, mkono wake unafikaje kwenye kitasa, hofu yake ameiweka wapi. Miezi mitano si mingi kwa kazi hiyo.

Usinielewe kwamba nadharau tanzia. Zipo riwaya za msiba ambazo nimezilia na nitazilia tena. Lakini msiba wa kweli kwenye riwaya huota ndani ya wahusika wenyewe, katika kiburi chao, kosa lao, siri waliyoikalia mpaka ikaoza. Mtu akifa, msomaji akirudi nyuma anaiona mbegu ikipandwa tangu kurasa za mwanzo. Ajali ya sura ya mwisho haina mbegu popote katika kitabu chako. Ni sadfa. Mwanafunzi wa shemeji yako akimletea hadithi inayomalizwa kwa sadfa ya namna hiyo, naamini ataikatia alama kwa kalamu nyekundu. Kwa nini basi sadfa ya kuua iwe sanaa, na uamuzi wa mtu mzima wa kufungua mlango uwe upuuzi? Hapo amepima kwa mizani mbili.

Kuna mhakiki wa Marekani, Pamela Regis, ambaye mwaka 2003 alitoa kitabu kizima cha kueleza riwaya ya mapenzi imejengwa vipi. Anataja nguzo nane: jamii wanamoishi wapenzi, kukutana kwao, kikwazo, mvuto, kutamkiana mapenzi, kifo cha kimfano, kutambua, na kuahidiana. Nataka usimame kwenye ile ya sita. Kifo cha kimfano ni pale ambapo kila kitu kinaonekana kimekwisha, pale ambapo msomaji, hata akijua kanuni ya mchezo, moyo unamwambia hapana, hawa hawapatani tena. Kwako ni pale mjane anapomfukuza fundi. Kwa hiyo kifo kimo tayari ndani ya kitabu chako, mwanangu. Mtu amekufa pale, yaani yule mama aliyekuwa ameanza kucheka tena. Tofauti na tanzia ni kwamba riwaya ya mapenzi haikuruhusu kuishia kaburini. Inakulazimisha utoke upande wa pili na uonyeshe umetokaje, na waandishi wengi hushindwa hapo. Anayeshindwa huleta barua iliyopotea, urithi, au mgonjwa anayepona ghafla. Wewe hukuleta chochote. Umeleta mtu mmoja anabisha hodi na mwingine anaamua.

Halafu angalia neno alilolitumia shemeji: "ukiwaacha wakapatana." Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilieleza aina hii ya riwaya kwa mambo mawili tu. La kwanza, mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi. La pili, mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Halitajwi pete wala jumba wala watoto watatu. Matumaini ni kitu kidogo kuliko furaha ya milele, na ni kigumu kukiandika kuliko furaha ya milele. Wewe hukuandika harusi. Umeandika mlango unafunguliwa na mtu anayejua fika kwamba siku moja mmoja wao atamzika mwenzake. Uongo uko wapi hapo?

Tena tukisema mwisho unaojulikana ni uongo, tusiishie kwenye mapenzi. Msomaji wa riwaya ya upelelezi anajua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza kwamba muuaji atajulikana. Katika dunia tunayoishi wauaji wangapi hawajajulikana? Hakuna anayemwambia msomaji huyo kwamba analishwa ndoto kuhusu haki. Anaachwa asome kwa raha zake, jalada likiwa wazi.

Hoja ya kwamba zote ni moja inanigusa zaidi kwa sababu mimi ni mpenzi wa mashairi. Shairi letu la kimapokeo lina mishororo minne katika ubeti, mizani kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Ukiusikia mshororo wa kwanza unajua wa pili utatua wapi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga ya vita na siasa za mji wake, na akatunga ya mapenzi, yote kwa kufuata kanuni. Nani amewahi kusema Muyaka alitunga shairi moja akawa anabadilisha maneno? Kanuni ndiyo inayomfanya msikilizaji atege sikio: anajua kina kinakuja, hajui kitakuja kimebeba nini. Msomaji wa mapenzi naye anajua watapatana. Hajui watapatana kwa gharama gani, nani atashuka kwanza, neno gani litasemwa na nani. Anayesema zote ni moja huwa amesoma mbili, au amesoma maneno ya nyuma ya majalada tu.

Na hilo neno "pendwa". Wahakiki wa Kiswahili walilitumia kupanga kabati, upande huu riwaya dhati, upande huu pendwa, na ndani ya pendwa wakaweka upelelezi, ujasusi na mapenzi pamoja. Sioni ubaya wa kupanga kabati. Ubaya ulikuja jina la rafu lilipogeuka kuwa tusi. Hata hilo tusi halikugawanywa sawa. Nimeishi na wanaume wanaosoma ujasusi tangu utoto wangu, baba, kaka, marehemu mume wangu, na sijamwona hata mmoja akifunika jalada kwa karatasi ya kalenda. Ni rafu ile ile. Wewe ndiye uliyefunika.

Aibu hii si mpya, na kabla yako walikuwapo wengi. Jane Austen, Mwingereza, aliandika riwaya iitwayo Northanger Abbey akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 1803 mchapishaji mmoja aliinunua kwa paundi 10, akaiweka tu, asiichapishe. Ilitoka Desemba 1817, miezi mitano baada ya mwandishi kufa. Katika sura ya tano ya kitabu hicho anasimamisha hadithi kabisa ili awatetee wasomaji na waandishi wa riwaya. Anamwelezea msichana anayeulizwa anasoma nini, naye anajibu kwamba ni riwaya tu, huku anakiweka kitabu chini na kujifanya hakimhusu, au kwa kuona haya kidogo. Niliposoma ile "Ah, kitabu tu" katika barua yako nilimwona yule msichana. Miaka zaidi ya mia mbili, na neno ni lile lile, "tu". Austen hakumcheka. Aliwakasirikia waandishi waliokuwa wakitunga riwaya huku wakizitukana riwaya ndani ya kurasa zao wenyewe, akawasihi wasitupane. Nakusihi hilo hilo. Usiandike riwaya ya mapenzi kisha uimalizie kwa kuwatukana wanaoipenda.

Wakati mwingine dharau hii huvaa joho la uhakiki, na ndani yake mna kitu kingine. Mwaka 1855 Nathaniel Hawthorne, mwandishi mkubwa wa Marekani, alimwandikia mchapishaji wake akilalamika kwamba nchi imejaa genge la wanawake waandikao, na kwamba yeye hawezi kufanikiwa wakati wasomaji wameshikwa na takataka zao. Vitabu vya wanawake wale vilikuwa vinauzwa mno kuliko vyake. Simdharau Hawthorne, ameandika vitabu vya kudumu. Nasema tu kwamba mtu anapokuita takataka, ni vizuri kuuliza kinachomuuma ni nini.

Lakini mwaka uliofuata, 1856, mwandishi anayejulikana kwa jina la George Eliot, na alikuwa mwanamke, alichapisha makala ya kuzisulubu riwaya za kipuuzi zilizoandikwa na mabibi wa wakati wake. Makala ile ni kali kuliko chochote alichokwisha kukuambia shemeji. Hata hivyo naiheshimu, kwa sababu alizisoma. Anataja kosa lilipo: shujaa asiye na doa hata moja, mazungumzo ambayo hakuna binadamu anayezungumza hivyo, elimu ya kubandika. Wala hasemi wanawake waache kuandika. Anasema waandike kwa bidii, maana anajua wanaweza. Mhakiki wa namna hiyo akikujia, mpe kiti.

Na wahakiki wana haki mahali fulani, lazima tukubali, la sivyo utetezi wetu ni kelele. Mwaka 1972 ilitoka Marekani riwaya ya Kathleen Woodiwiss iliyouzwa mamilioni ya nakala na kufungua njia kwa nyingine nyingi. Ndani yake mwanamume ambaye baadaye ndiye mpenzi anaanza kwa kumbaka msichana. Hilo halitetewi. Zipo hadi leo riwaya zinazoita wivu wa kupiga watu kuwa ni mapenzi, na mwanamke anayefuatwa kila anakokwenda akaambiwa ashukuru. Nimezisoma, nimezitupa. Ila ujue kwamba waliozikataa kwa sauti kubwa ni wasomaji wa mapenzi wenyewe. Mtafiti Janice Radway aliwachunguza wasomaji 42 wa mji mmoja wa Marekani na akachapisha aliyoyaona mwaka 1984. Wanawake wale walikuwa na macho makali. Hawakutaka vitabu vya ubakaji na ukatili. Walitaka shujaa wa kike mwenye akili, na mwanamume mwenye upole ndani yake. Hawakuwa watu wa kumeza chochote wanachopewa.

Walimwambia pia jambo ambalo wewe unalijua bila kusoma utafiti: kwamba kitendo chenyewe cha kukaa na kitabu kilikuwa saa yao, saa pekee ambayo hakuna mtoto, mume wala sufuria inayowadai. Radway aliwasikiliza kwa heshima, lakini akabaki na wasiwasi mmoja. Je, kama kitabu kinampa mwanamke ule upole anaoukosa, hakitamfanya aridhike asiudai nyumbani? Shemeji yako anasema riwaya zinakufanya umchoke mumeo. Radway aliogopa kinyume chake, kwamba zinakufanya uvumilie usichostahili kuvumilia. Wasiwasi wake naukubali zaidi, na nakuletea wewe.

Maana katika barua yako nzima kuna sentensi moja uliyoiandika upesi ukaipita: "Hacheki kwa ubaya, lakini hucheka." Shemeji anakuja na kuondoka. Mumeo yuko hapo. Kila usiku unasoma habari za watu wanaosikilizana, kisha unalala pembeni ya mtu ambaye kitu chako kimoja unachokipenda kikichezewa mezani, anacheka na wageni. Simwiti mbaya. Nadhani hajui. Hajawahi kuambiwa, kwa sababu na wewe hucheka kidogo, au unainuka kwenda kuondoa vyombo. Je, ameusoma mswada? Hukusema. Miaka minne umeandika ndani ya nyumba moja naye, na aliyeusoma wa kwanza ni kaka yake.

Anzia hapo. Chagua siku ambayo hakuna mgeni, watoto wamelala. Usianze na lawama juu ya kaka yake, atamtetea, ni damu yake. Mwambie: "Kaka anapoigiza vitabu vyangu na wewe ukacheka, mimi huumia, na nimefika mahali pa kuvificha kwenye chumba changu mwenyewe." Kisha mpe mswada. Si lazima awe msomaji wa mapenzi. Wengi hawawi, na ndoa zao ziko salama. Asome kwa sababu umeuandika wewe. Na siku shemeji akinyanyua tena kitabu kwa vidole viwili, mumeo akisema tu, "Kaka, hicho kiache," mambo yamekwisha bila vita.

Kwa shemeji sina mengi. Kitu kimoja amekifanya ambacho wengi hawakifanyi: alisoma mswada mzima, na sifa aliyompa mjane wako si ndogo. Mshukuru kwa hilo kwa dhati. Mwambie mwisho wa fundi kufa umeujaribu, ukaona unamziba mjane mdomo, umeurudisha wa kwanza. Mweleze hoja ya sadfa, ni lugha yake, ataielewa. Kisha mwombe, kwa heshima ile ile ya shemeji mkubwa, akusomee riwaya moja ya mapenzi utakayomchagulia wewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu mkae muizungumze. Usimpe ile unayoipenda kwa sababu ya kumbukumbu za utotoni. Mpe iliyoandikwa vizuri kuliko zote ulizowahi kushika. Akiisoma na bado akaipinga, msikilize. Huenda akakuonyesha kitu kitakachokufaa kwenye kitabu chako cha pili.

Binti bado anadai jibu lake. Alikuuliza swali zuri na ukampa kazi. Rudi kwake umwambie ukweli: nilificha kwa sababu nilichekwa, na nilikosea kuficha. Mwambie kitabu kile kinahusu nini na kwa nini unakipenda. Kama ndani kuna mambo ya chumbani ambayo kwa miaka 15 huoni wakati wake umefika, mwambie waziwazi, "Hiki utakisubiri," na umpe kingine kinachomfaa. Kumwambia asubiri na kumficha ni mambo mawili, na mtoto anaijua tofauti yake. Mzungumze pia juu ya wanaume wa kwenye riwaya hizo: huyu anamsikiliza mwenzake, huyu anamtawala na kuita mapenzi. Sijui mahali pengine ambapo mama na binti wanaweza kuyasema hayo bila kutajana majina. Karatasi za kalenda mkazibandue pamoja.

Nilipokuwa namuuguza mama yangu, miezi ile ya mwisho, nilikuwa namsomea usiku. Tulijaribu vitabu vingi. Vya msiba hakuvitaka. Alisema msiba anao kitandani. Tulisoma mapenzi. Alijua kabisa watapatana, na bado alikuwa ananishika mkono kurasa zikikaribia kuisha, ananiambia nisome taratibu. Alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafahamu, alizika mume na watoto wawili, na hakuna aliyeweza kumdanganya kuhusu maisha. Nikisikia mtu anasema wasomaji wa vitabu hivi hawajui dunia, namkumbuka yeye.

Basi mswada wa ajali uweke chini kabisa ya kabati. Usiuchome, una sentensi ambazo huenda ukazihitaji siku moja. Huu wa kwanza utoe, usome kwa sauti mara moja kuanzia sura ya kwanza, rekebisha yanayokwaruza sikio, kisha tafuta mchapishaji. Na ukiuchapa upya nitumie nakala. Nimekuwa nikimfikiria yule mama tangu barua yako ifike, na bado sijajua, alipofungua mlango akamkuta fundi amesimama gizani, ni nani kati yao aliyesema kwanza.